Majani sita na panga moja: kisa cha maafisa ugani waliozifungia simu kabatini

Simu zilikuwa 11. Nilizikuta kwenye rafu ya chini ya kabati la chuma, ofisi ya kilimo ya halmashauri moja kaskazini mwa Mkoa wa Kigoma. Kila moja ilikuwa ndani ya boksi lake, na juu ya boksi jina la kata limeandikwa kwa kalamu nene. Nilifungua maboksi 4. Simu 3 hazikuwa zimebanduliwa hata ile nailoni ya kwenye kioo.

Wiki 6 kabla ya hapo, mimi ndiye niliyewafundisha maafisa ugani 11 kutumia simu hizo kutambua magonjwa ya muhogo kwa akili mnemba. Mafunzo yalikuwa ya siku 2, na wote walisaini kupokea vifaa. Mradi ulikuwa umeweka lengo la picha 100 kwa kila kata kila mwezi. Nilipofungua taarifa kwenye kompyuta, kata 9 hazikuwa na kitu zaidi ya picha za siku ya mafunzo. Kata moja ilikuwa na picha chache za kweli. Nyingine ilikuwa imetimiza 100 kamili, lakini nilipozipitia moja baada ya nyingine niliona kivuli kilekile cha mtu, na nyuma ya majani yote ukuta mmoja wa tofali za kuchoma. Picha zote zilikuwa za shamba moja, zimepigwa kwa muda usiofika saa mbili.

Wenzangu wanaopeleka teknolojia ya namna hii maofisini wameniuliza mara nyingi kilichotokea pale, kwa hiyo nakieleza, pamoja na sehemu yangu. Jina la halmashauri, la mradi na la programu yenyewe nayaacha, maana wahusika bado wako kazini. Nitakapohitaji kueleza programu hizi zinavyofanya kazi nitatumia Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, pamoja na watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto. Hiyo inazungumza Kiswahili, inafanya kazi bila mtandao, na imepimwa na matokeo yake yakachapishwa.

Kwanza muhogo wenyewe. Huku ugali wa muhogo kwa dagaa wa Ziwa Tanganyika ndio mlo wa nyumba nyingi, na mvua ikichelewa ni muhogo unaobaki ardhini ukiwasubiri watu. Adui zake wakubwa ni wawili, na wote waliandikwa kwa mara ya kwanza katika ardhi yetu. Ugonjwa wa batobato ulielezwa mwaka 1894, enzi za Wajerumani. Ugonjwa wa michirizi kahawia ulielezwa na mtafiti H. H. Storey mwaka 1936, kule Amani, Tanga. Yote mawili huenezwa na inzi weupe, na yote mawili huenezwa na sisi wenyewe, kwa pingili. Mtu akihama, akiolewa au akipata shamba jipya, hufunga mzigo wa pingili na kuondoka nao, na ugonjwa humo humo. Ndiyo maana kujua mapema shina lipi linaumwa ni jambo la chakula cha mwaka mzima. Na bwana shamba mmoja mwenye kata nzima na pikipiki inayodai mafuta hawezi kulifikia kila shamba kwa wakati. Simu inayosaidia kutambua ugonjwa ina maana kubwa hapo. Niliamini hivyo wakati ule na bado naamini.

Programu ya namna hii hufundishwa kwa kuonyeshwa maelfu ya picha za majani ambayo wataalamu wamekwisha kuyatambua: hili la batobato, hili la michirizi, hili limeliwa na utitiri wa kijani, hili zima. Ikishajifunza, unaielekeza kamera kwenye jani nayo inakuambia inaona nini. Inaona jani tu.

Sasa makosa yangu. Slaidi ya tatu ya mafunzo ilikuwa na nguzo tatu za rangi, kutoka katika utafiti wa Nuru uliochapishwa mwaka 2020. Katika kutambua dalili za muhogo, wakulima walipatia kati ya asilimia 18 na 31, maafisa ugani kati ya 40 na 58, programu 65. Niliiweka kwa nia njema kabisa. Nilidhani mtu akiona pengo atatamani kuliziba.

Chumba kilinyamaza. Bwana shamba mmoja mzee, aliyekaa karibu na dirisha, alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kwa hiyo, mwanangu, miaka 27 hii nimekuwa nikiwadanganya wakulima?"

Nikamjibu, "Hapana, mzee, hizo ni takwimu tu," nikaenda slaidi inayofuata.

Mafunzo yaliishia pale. Zile saa zilizobaki watu walikaa kwa adabu, wakapiga picha za majani niliyowaletea kwenye ndoo, wakasaini, wakaondoka.

Nilipozikuta simu kabatini, tayari kulikuwa na majibu matatu ya kwa nini hazitumiki. Mkuu wa idara aliona ni utovu wa nidhamu, na barua za kujieleza zilikuwa zimekwisha kuchapwa, zinasubiri sahihi yake. Watu wa mradi walisema wazee hawaziwezi simu za kisasa, jambo ambalo lingemshangaza yeyote aliyewahi kuona kundi la WhatsApp la maafisa hao linavyochangamka tangu alfajiri. Mimi nilikuwa na jibu nililolisoma mahali pengi: wanaogopa kunyang'anywa kazi. Hakuna kati yetu aliyekuwa amewauliza.

Nilimwomba mkuu wa idara anipe wiki moja. Hakuzichana zile barua, alizirudisha kwenye droo.

Yule mzee alikubali kunichukua kwenye pikipiki yake. Tulipita barabara ya vumbi jekundu, migomba huku na huku, hadi kwa mama mmoja mwenye shamba la muhogo la miezi tisa hivi. Mzee hakuigusa simu. Alitembea katikati ya mistari mikono iko nyuma, kila baada ya hatua chache akiinama kuangalia majani ya chini kabisa. "Michirizi inaanzia huku chini, kwenye majani yaliyokomaa," aliniambia. "Batobato unaitafuta juu, kwenye machanga. Wewe ulitufundisha tupige jani lenye mwanga mzuri."

Kweli nilifundisha hivyo. Basi akaniambia nipige mwenyewe. Nikachagua jani safi lililokuwa usawa wa kifua changu, simu ikasema mmea ni mzima. Mwongozo wa mradi ulisema mkulima aonyeshwe kioo hapohapo, kwa hiyo nikamwonyesha mama. Uso ukamng'aa. Akatuonyesha chini ya mwembe mizigo miwili ya pingili iliyofungwa kwa kamba ya mgomba. Alikuwa anamtumia binti yake aliyeolewa upande wa Uvinza, naye ndiyo kwanza amepewa shamba.

Mzee alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mama, utaniruhusu ning'oe shina moja?" Akaomba panga. Alichagua shina ambalo kwenye sehemu yake ya kijani, karibu na juu, kulikuwa na mistari ya kahawia ambayo mimi nilikuwa nimeipita bila kuiona. Akang'oa, akakung'uta udongo, akakata muhogo wa kwanza vipande vipande. Mweupe. Wa pili, mweupe. Wa tatu ulikatika kwa sauti kavu, na ndani kulikuwa na madoa ya kahawia, makavu, kama gamba la mti limeingia kwenye nyama ya muhogo.

Mama alijishika mdomo. Halafu akauliza, wala hakuwa na ubishi, alikuwa anataka kujua kweli: "Sasa nimwamini nani, bwana shamba? Wewe au simu?"

"Simu imeona jani, mama. Haina panga."

Tulipokuwa tunarudi alisimamisha pikipiki kwenye kivuli na kunieleza jambo ambalo nilipaswa kumuuliza wiki 6 nyuma. Mwaka uliopita alimwambia jirani ya mama huyo ang'oe nusu ekari nzima ya muhogo. Nusu ekari ni chakula cha miezi. Jirani aling'oa. "Aling'oa kwa sababu ni mimi niliyemwambia. Sina sheria ya kumlazimisha, sina fidia ya kumpa. Nina neno langu tu. Simu ikinipinga mbele yake, na wewe umesema simu inanizidi, msimu ujao nitamwambia nini akanisikiliza?"

Hapo jibu langu la kunyang'anywa kazi lilianguka. Maafisa ugani hawajawahi kutosha nchini, na katika watu 11 hakuna hata mmoja aliyeniambia anaogopa kufukuzwa. Walichokuwa wanakilinda ni uzito wa neno lao mbele ya mkulima, na ndicho kifaa chao cha kazi kuliko vyote. Mwongozo wetu ulikuwa unakiweka rehani kila mara kioo kilipogeuzwa upande wa mkulima.

Ningeweza kuishia hapo na kurudisha simu kwa wenyewe. Nashukuru kwamba siku iliyofuata nilimwomba mzee tuende wote kwa yule afisa kijana wa kike aliyekuwa na picha chache za kweli. Shambani tulikuta ncha za muhogo zimejikunja, majani machanga madogo, yana madoa ya njano. Mzee alitazama akasema ni batobato, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiye na shaka. Binti hakubisha. Alisema tu, "Baba, ngoja nipige majani sita." Akapiga moja baada ya jingine, ya mmea uleule, ya juu na ya chini. Mara nyingi simu ilirudia jibu moja: utitiri wa kijani.

Binti akageuza jani, akalileta karibu na macho ya mzee. Mzee akavua miwani, akalisogeza hadi karibu liguse pua. Upande wa chini vidudu vidogo mno vilikuwa vinatembea, kama vumbi lenye uhai.

"Ni utitiri," alisema. Alikaa nalo mkononi. "Huyu ningemng'olesha muhogo wake bure."

Tofauti hiyo si ndogo. Utitiri huumiza zaidi kiangazi, na mvua zikinyesha mmea mara nyingi huchipua upya. Batobato inabaki ndani ya shina na inasafiri na pingili. Ushauri wa moja kwa nyingine ni hasara, na mzee alilijua hilo kuliko sisi wote.

Jioni ile nilirudi kwenye utafiti niliounukuu kwa nguzo tatu, nikakiri kwamba niliukata nusu. Ile asilimia 65 ni ya programu inapoonyeshwa jani moja, yaani katika majani 3 inakosea kama moja. Ikionyeshwa majani 6 ya mmea mmoja, usahihi unapanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Sehemu hiyo ndiyo ilikuwa muhimu kuliko zote kwa watu wale, kwa sababu kuchagua majani 6, mangapi ya chini, mangapi ya juu, kutoka shina lipi, ni kazi ya jicho lililozoea muhogo. Mimi nilikuwa nimewaonyesha wanavyoshindwa, nikawaficha mahali ambapo mashine inawahitaji.

Mwisho wa wiki tuliwaita wote 11. Nilianza kwa kuomba radhi, mbele ya mkuu wao, kwa slaidi ile na kwa jibu nililompa mzee. Sikuweka slaidi nyingine. Binti alileta jani lake, mzee alileta muhogo wake uliokatwa, wakasimulia kila mmoja kosa la mwenzake na la kwake. Walicheka kwa mara ya kwanza tangu niwajue. Kisha tukaanza kuandika upya namna ya kufanya kazi, na hapo mimi nilikuwa karani tu.

Walichokubaliana ni hiki. Afisa anafika shambani, anatembea, anatazama, anaandika maoni yake kwenye fomu kabla simu haijatoka mfukoni. Kisha anapiga majani 6. Wakikubaliana yeye na simu, vizuri. Wakitofautiana, anang'oa shina moja kwa ruhusa ya mkulima na kukata mizizi, au anageuza majani na kutazama chini yake, kutegemea ubishi uko wapi. Mkulima anaambiwa neno moja, la afisa, baada ya hayo yote. Anayetaka kuona simu anaonyeshwa, lakini anaelezwa kwanza kwamba inaona jani tu. Sahihi kwenye fomu ni ya afisa. Na chini ya sahihi tukaongeza mstari: "Nimetofautiana na simu kwa sababu…"

Jambo la sahihi lilichukua karibu saa nzima, na naona ndilo lililofungua kabati. Mpaka siku ile hakuna aliyekuwa amesema wazi, simu ikikosea na mkulima akang'oa shamba zima, lawama ni ya nani. Kila mmoja alikuwa amejijibu kimoyomoyo kwamba ni yake. Mkuu wa idara alisema mbele yao wote kwamba afisa aliyefuata hatua hizo na kuziandika, idara itasimama naye hata kama jibu litakuja kuonekana halikuwa sahihi. Nilimwona mmoja wao akiiandika sentensi hiyo neno kwa neno kwenye daftari.

Lengo la picha 100 lilifutwa. Yule wa ukuta wa tofali hakuitwa mbele ya watu. Niliongea naye pembeni, akaniambia, "Mlitaka mia, nikawapa mia," na sikuwa na la kumjibu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Badala ya lengo, kila Ijumaa wanapokuja makao makuu wanatenga nusu saa kupitia zile fomu zenye mstari wa kutofautiana. Mwenye kisa anakieleza na wengine wanachangia. Picha za visa hivyo nilizituma kwa watengenezaji wa programu, na hizo zina faida kwao kuliko picha mia za jani moja.

Simu zilitoka kabatini, ila si zote na si siku moja. Afisa mmoja hajaichukua hadi leo. Ana njia zake, rekodi zake ni nzuri, na mimi nilimshauri mkuu wa idara amwache. Jua la mchana bado linafanya kioo kisionekane, mpaka mtu ajifunike koti kama mpiga picha wa zamani. Kiangazi kikikolea muhogo unapukutisha majani ya chini, na kwa michirizi simu inakuwa haina cha kuona. Mafuta ya pikipiki hayajapata mwenyewe. Hilo la mwisho linaniuma, kwa sababu ni rahisi kupata fedha za kununua kifaa kipya kuliko lita 5 za kumfikisha mtu shambani, na bila kufika shambani hakuna akili ya aina yoyote itakayotibu muhogo.

Kuna jambo ambalo sikulitarajia kabisa. Baada ya miezi kadhaa, nikipitia fomu, niliona kata moja ambayo ule mstari wa kutofautiana ulikuwa mtupu wiki baada ya wiki. Ilikuwa kata ya afisa mdogo kuliko wote, anayependa simu kuliko wote, na picha zake zilikuwa nzuri. Mwanzoni nilifurahi. Kisha nikajiuliza inakuwaje mtu awe anakubaliana na mashine inayokosea, kila siku, bila kukosa hata mara moja. Nikaomba niende naye.

Alisimama njiani, pembeni ya shamba, akapiga majani 6 ya mimea iliyokuwa karibu na mkono. Simu ikasema zima. Akaanza kujaza fomu, na ile sehemu ya maoni yake ya kwanza aliijaza baada ya simu, akinakili jibu lake.

"Mbona hujaingia ndani?" nilimuuliza.

"Kaka, imeshasema mzima."

Sikumlaumu. Tulikuwa tumeandaa hatua za mtu anayeidharau simu, hatukuandaa za mtu anayeiamini kupita kiasi. Ijumaa iliyofuata yeye mwenyewe ndiye aliyelipeleka suala mbele ya wenzake, baada ya mzee kumshika mkono na kumwambia aseme bila woga. Wakaongeza sharti kwamba kwenye shamba lililofikia umri wa kuvunwa, afisa akate walau shina moja hata kama yeye na simu wanasema kitu kimoja, na aandike alichokiona.

Nilikwenda naye tena kabla sijaondoka Kigoma. Safari hii aliingia hadi katikati ya shamba, akainama chini, akaandika, ndipo akatoa simu. Zote mbili zikasema zima, fomu na simu. Akamwomba mtoto wa mwenye shamba panga, akang'oa shina, akakata mihogo minne. Yote ilikuwa myeupe hadi mwisho. Mama mwenye shamba akaiokota, akaifuta udongo kwa kanga, akasema inatosha kwa mchana. Kijana akafuta jasho, akachukua kalamu, na kwenye ule mstari akaandika: "Nimekubaliana. Nimekata."